Injini Iliyoonja Bahari

Chai ya Sajini Aguti ilikuwa imepoa kwa mara ya pili na bado hakuwa ameigusa. Alisimama dirishani katika kituo cha polisi cha Busia, upande wa Uganda, akibofya kalamu mpaka Konstebo Eriku akatamani kumnyang'anya. Nje malori yalikuwa yamepanga foleni kungoja kuvuka kwenda Kenya, na madereva wakitukanana kwa lugha nne. Mezani lilikuwapo jalada la mauaji ya Omaido, limefungwa kamba, tayari kupelekwa Tororo.

Hiyo "tayari" ndiyo iliyomnyima Aguti raha.

Kwa mwenye haraka, kesi ilikuwa nyeupe. Omaido, mvuvi wa Majanji, aliokotwa ufukweni amepasuliwa kisogo. Boti yake ilikutwa ikielea bila injini. Siku chache baadaye mtu asiyejitaja akapiga simu: tafuteni kwa Swabur, muuza spea za boti. Polisi wakaenda, wakakuta injini uani kwake, na namba kwenye kibati chake ilikuwa ile ile ya Omaido. Tena Omaido na Swabur walikuwa wamegombana sokoni mbele za watu, Omaido akidai ameuziwa pampu bandia ya maji iliyokaribia kumwacha katikati ya ziwa. Ugomvi upo, injini ipo, maiti ipo. Wangapi wamefungwa kwa pungufu ya hayo?

"Gari linaondoka saa saba," alisema Afande Ojulong, mkuu wa upelelezi, akiingia bila kubisha hodi. "Saa nane Swabur anasomewa mashtaka. Hilo jalada nalitaka."

"Nipe mpaka hiyo saa saba, afande."

"Ya nini? Namba imesoma yenyewe."

"Geti la Swabur linabaki wazi kila Ijumaa wakienda kuswali. Mtaa mzima unajua. Mtu yeyote angeweza kuitupa pale."

"Angeweza!" Ojulong akacheka. "Na mjane naye unamweka wapi? Anasema kila asubuhi anaisikia injini ya marehemu ikiingia. Tumwite shahidi? Majonzi hayaendi kortini, Sajini."

Eriku naye akacheka kidogo, kwa adabu ya cheo. Aguti hakucheka, ila ukweli usemwe: hata yeye maneno ya yule mjane aliyaandika kisha akayasahau.

Kwenye benchi la nje alimkuta Rukiyah, mke wa Swabur, na chakula alichokataliwa kukiingiza. Aliinuka haraka, mtandio ukamteleza.

"Afande, wakimpeleka Tororo atarudi?"

"Kesi ya mauaji haina dhamana ya leo na kesho, mama."

"Basi angalia tena hiyo injini. Ile kitu sisi hatuijui. Tumetoka kuswali, tumeikuta imelala na zingine. Watoto wanauliza baba iko wapi, mimi najibu nini?"

Aguti akarudi ndani, akatia saini kuitoa injini chumba cha vielelezo, na yeye na Eriku wakaipakia kwenye pikapu. Ilikuwa nzito na yenye kunata, ya nguvu za farasi kumi na tano, kama zilivyo nyingi kule ziwani.

Fundi Shafic alikuwa na maneno mengi kuliko spana. Karakana yake ilitazamana na duka la Swabur, na tangu Swabur akamatwe alikuwa ameongeza benchi la wateja. Injini iliposhushwa tu, akapiga makofi.

"Ndiyo hiyo! Hiyo ya Omaido. Mimi mwenyewe nalitengeneza kabla hajakufa. Namba si hii?"

"Sikuuliza namba. Nauliza injini."

"Injini ni namba, afande."

"Ifungue."

Uso wa Shafic ukanywea. Akasema gasketi zitaharibika. Akasema spana ya saizi hiyo ameiazimisha. Akasema, kwa sauti ya mtu mwenye huruma nyingi, kwamba kitu cha marehemu hakifunguliwifunguliwi ovyo. Eriku akamletea spana iliyokuwa imelala miguuni pake.

Bolti ya kwanza haikugeuka. Akamimina oili, akangoja, akajaribu tena. Akaigonga kwa nyundo. Aguti alizunguka karakana akibofya kalamu, akarudi, akazunguka tena. Simu yake ikaita, akaona jina la Ojulong, akairudisha mfukoni. Shafic akaining'inia spana kwa uzito wake wote. Bolti ikakatika, kichwa chake kikarukia kwenye ndoo, na fundi akakwaruza vidole mpaka damu.

"Takataka hizi za Mombasa!" alifoka. "Zinaua spana ya watu bure!"

Kalamu ya Aguti ikaacha kulia.

"Takataka za wapi?"

"Mimi sijasema kitu, afande."

"Umesema. Eriku, amesema?"

"Amesema, afande."

Shafic akanyonya kidole chake, akatazama ng'ambo ya barabara kwenye duka lililofungwa la Swabur. Kisha akakaa juu ya tairi.

"Hii imekaa kwa maji ya chumvi. Bolti za hapa kwetu zinafunguka. Matope iko, gugu iko, mchanga inakula pampu, lakini bolti inafunguka. Hii chumvi imeingia kwa nyuzi, imeshika bolti na bodi ikawa kitu moja."

"Nionyeshe."

Akazivunja mbili zilizobaki, safari hii bila kulalamika, akauinua mfuniko. Njia za kupitishia maji ya kupooza injini zilikuwa zimezibwa na gamba gumu jeupe. Aguti akalikwangua kwa ukucha, akalitia ulimini.

"Afande, unakula ushahidi!" Eriku akamaka.

"Onja na wewe."

Eriku akaonja, akakunja uso. Ziwa lao lina kila uchafu, ila chumvi halina.

Shafic akainamisha injini, akawaonyesha kipande cha madini kilichofungwa chini, karibu na propela. "Hii inaitwa zinki. Wanaifunga hapo ili chumvi ikule yeye, iache injini. Ona sasa." Ilikuwa imebaki nyembamba kama sabuni ya mwisho bafuni. "Ikiisha wanabadilisha. Na kila ukirudi kutoka bahari unatia injini kwa pipa, unawasha, maji tamu inapita ndani inatoa chumvi. Kila siku ya Mungu. Mwenye hii alikuwa mvivu, ndiyo maana imekufa. Hata haingurumi tena."

"Ya Omaido, zinki yake ilikuwaje?"

"Nzima."

"Na bolti zake?"

"Nalifungua kwa mkono tu."

"Kwa hiyo hii?"

"Hii si ya Omaido."

"Ulijua lini?"

"Mlipoiweka chini." Shafic akainamisha macho. "Lakini mimi ni nani, afande? Namba iko hapo. Na Swabur ananimalizia wateja tangu alipofungua."

Aguti alikasirika. Mtu alikuwa anaelekea kuozea jela kwa mauaji, na jirani yake alikuwa radhi kunyamaza ili apate benchi la pili la wateja! Alitamani kumfunga pingu hapo hapo, ila sheria haina kifungu cha roho mbaya. Akainamia kibati cha namba. Kilikuwa laini, hakina hata doa, na misumari iliyokishikilia ilikuwa mipya.

"Injini imeoza, kibati kinang'aa," alisema. "Eriku, mtu akibandua kibati huku na kukibandika huku, kile kingine anakipeleka wapi?"

Eriku akafikiri. "Kwa ile nzuri aliyoiba. Haiwezi kwenda ziwani bila namba. Maofisa wa uvuvi wataikamata."

"Basi twende tukatafute injini nzima yenye kibati kilichooza."

Walipita Buhehe kwa mwendo ambao Eriku angemwandikia mtu mwingine faini. Simu iliita mara kadhaa. Walipofika Lumino Aguti aliipokea.

"Gari linakungoja," alisema Ojulong.

"Injini siyo, afande. Imetoka baharini. Kibati kimebandikwa."

"Fundi gani kasema?"

"Shafic."

"Shafic anayegombania wateja na mshtakiwa? Wakili yeyote atamtafuna. Sajini, nataka injini ya Omaido yenyewe, au nataka jalada. Naenda Tororo na kimojawapo."

Majanji ilikuwa na shughuli zake za mchana. Nyavu zilianikwa, mukene, dagaa wa ziwani, wametandazwa kukauka, na wavuvi waliorudi walikuwa wakibeba injini zao mabegani kuzipeleka nyumbani, maana anayeiacha kwenye boti anamwachia mwizi. Aguti alizikagua moja baada ya nyingine, akiinama na kuinuka kama mnunuzi wa mbuzi mwenye kuchagua sana. Injini kuukuu zilikuwa na vibati vikuukuu, na mpya zilikuwa na vipya. Alianza kuhisi kwamba amekuja kujiaibisha.

Ndipo akasikia kicheko nyuma ya nyumba ya mjane.

Elvis, mdogo wake Omaido aliyerudi karibuni kutoka Kenya, alikuwa ameining'iniza injini yake kwenye ukingo wa pipa, akimimina maji ya kisima kutoka kwenye jerikani. Aguti alimkumbuka vizuri. Alikuwa wa kwanza kuja kituoni kulilia haki ya ndugu yake, na tangu mazishi ndiye aliyempasulia mjane kuni na kumpelekea samaki. Aliwasha, injini ikakohoa kisha ikashika, na maji ya pipa yakaanza kuchemka mapovu.

"Anaiogesha tena!" mvuvi mmoja aliyeitwa Ecweru alimcheka. "Elvis, injini yako inaoga kuliko wewe!"

"Nyinyi hamzioshi?" Aguti akamuuliza.

"Kuosha nini, afande? Si imetoka kwa maji sasa hivi? Unatoa maji ya ziwa unatia maji ya kisima, umefanya nini?"

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Aguti akasogea kwenye pipa, Elvis akazima injini kwa heshima, akafuta mikono.

"Karibu, afande. Huyo Swabur amefungwa?"

"Bado. Injini nzuri. Uliitoa wapi?"

"Kisumu. Mtumba."

"Na wewe ulikuwa sehemu gani Kenya?"

"Eldoret. Mlinzi, kwa kinu cha unga."

"Eldoret hakuna boti."

"Hakuna kabisa," Elvis alitabasamu.

"Nani alikufundisha kuiosha?"

"Hakuna mtu. Usafi tu."

Aguti akainama. Kibati kilikuwa kimeliwa na unga mweupe, tarakimu zimebaki nusu nusu kama nguo iliyoingiliwa na nondo. Pembeni yake rangi ya injini ilikuwa laini. Akaangalia chini kwenye propela: zinki ilikuwa nene, imejaa, haijaliwa popote.

"Kibati hiki kimeliwa na chumvi, Elvis. Kisumu ni ziwa hili hili."

Elvis hakutikisika. "Basi aliyeniuzia alibadilisha. Mimi nanunua injini, afande. Sinunui kibati."

Jibu lilikuwa zuri, na Aguti alilichukia kwa uzuri wake. Kibati kilichobadilishwa kilionyesha tu kwamba namba si ya injini hiyo. Hakikuonyesha kwamba ni ya Omaido. Ojulong angekipuliza kama vumbi. Aliangalia saa, akaangalia ziwa, akaangalia mlango wa nyumba uliokuwa nusu wazi. Kisha akawageukia wavuvi.

"Ecweru, yako ni kumi na tano kama hii? Ilete. Na wewe pale, yako pia. Tunafanya gwaride la utambuzi."

"La watu gani?"

"La injini."

Walidhani anatania, lakini walizileta. Aliwapanga: Ecweru wa kwanza, jirani yake wa pili, Elvis wa mwisho, kila moja iwashwe ndani ya pipa mpaka aseme basi. Eriku alibaki nje awaangalie. Aguti mwenyewe akaingia kwa mjane na kufunga mlango.

Annet alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Alikuwa mwembamba kuliko siku ile alipoandikisha maelezo.

"Yoga noi," Aguti alimwamkia kwa Kiteso.

"Yoga noi, afande."

"Ile injini unayoisikia asubuhi."

Annet akaona haya. "Nimeacha kuisema. Mchungaji ameniombea. Wanasema ni msiba umeniingia kichwani."

"Mimi sikuja kukuombea. Unaijuaje?"

"Kila mwanamke hapa anajua injini ya bwana wake, afande. Ukiisikia mbali unabandika maji ya kuoga. Akifika, yako tayari. Miaka yote hiyo nimebandika, sasa naamka bado naisikia, nabandika, halafu nakumbuka hayupo."

"Tutasikiliza pamoja."

Nje, injini ya kwanza ikanguruma.

"Ecweru," alisema Annet bila kuinua kichwa.

Ya pili ikawashwa. "Huyo ni jirani. Inapiga filimbi kidogo."

Pakawa kimya, injini ikibadilishwa pipani. Ya tatu ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Mikono ya Annet ikaacha mchele. Akasimama, akaenda jikoni, akasukumia kuni ndani ya meko, akabandika sufuria la maji. Aliposhika mfuniko ndipo alipogundua anachofanya. Alibaki ameushika hewani.

"Nisamehe, afande. Mkono umeenda peke yake."

"Inakohoa kwa nini, Annet?"

"Ndani, kwa ile sehemu inavuta hewa, kulipasuka. Alikata kandambili yangu akaziba pale. Nilimgombeza siku nzima! Ya bluu, bado ilikuwa mpya." Akainama chini ya kitanda, akavuta kandambili moja ya bluu iliyokatwa kisigino. "Nilisema nitaitupa. Nilishindwa."

Aguti akaichukua kandambili, akatoka nayo. Injini ya Elvis ilikuwa bado inanguruma pipani, na watu walikuwa wameongezeka. Akafungua vishikizo vya kava, akaliinua. Pembeni mwa kabureta, chini ya waya uliokazwa kwa koleo, palikuwa na kipande cha mpira wa bluu. Akasogeza kandambili karibu, mkato kwa mkato. Mistari ya mpira ilienda sawa kutoka upande huu hadi upande ule.

Ecweru akaitazama kandambili, kisha akamtazama Elvis.

"Eriku," alisema Aguti. Konstebo akaishika mikono ya Elvis nyuma na kumtia pingu.

"Ile iliyooza uliileta kutoka pwani, si Eldoret," Aguti alimwambia. "Huko ndiko ulikojifunza kuosha, baada ya uvivu kukuulia ya kwanza. Uliitia namba ya ndugu yako, ukaitupa kwa Swabur siku ya Ijumaa, ukapiga simu. Ulimuua kwa ajili ya injini?"

Elvis hakumtazama yeye wala kandambili. Alitazama pipa, ambamo maji yalikuwa yamerukia nje mpaka yakashuka chini ya pampu.

"Nalimwambia tuitumie wote, yangu imekufa," alisema. "Akasema nitafute nyingine." Kisha sauti ikampanda. "Zimeni! Maji yameisha, itaungua!"

Simu ya Aguti ikaita. Safari hii aliipokea upesi.

"Nimeipata, afande. Ya Omaido yenyewe, na aliyeichukua. Ni mdogo wake."

"Una uhakika?"

"Ninao mkononi. Swabur asipande hilo gari. Mkewe yuko kwenye benchi nje, mwambie wewe mwenyewe."

Annet alikuwa ametoka. Watu wakampisha mpaka kwenye pipa. Alinyoosha mkono bila kutafuta, akabonyeza kitufe, na injini ikazimika. Akaziangalia jerikani mbili za njano zilizolala kando ya pipa, tupu, akazijua.

"Hizi zangu," alisema. Alimgeukia Elvis. "Kila siku unaniambia, shemeji, nichotee maji ya kisima. Sikukuuliza ya nini. Nilisema huyu ndiye amebaki, anatulisha, kumchotea maji ni nini?" Akamtazama Aguti. "Afande, nimechota mimi. Alikuwa anaosha injini ya bwana wangu, na maji nachota mimi."

Aguti akamshika mkono, wakasimama hivyo, na ndani ya nyumba maji ya kuoga yakaanza kuchemka.